Nusu ya Mvua

Chupa yenyewe ilikuwa ya mafuta ya kupikia, ya plastiki, inayoonyesha ndani. Mwalimu Genoveva aliikata shingo kwa kisu, akaigeuza ile shingo kichwa chini na kuipachika humo humo, ikawa kama faneli ya kumiminia mafuta ya taa. Ubavuni alibandika kipande cha karatasi chenye mistari ya rula, akakifunika kwa selotepu kisilowe. Akaiweka juu ya kisiki mbele ya kibanda changu na kuizungushia mawe matatu ili upepo usiibebe.

"Babu Gidahosh, hiki ni kipima mvua cha darasa la tano," alisema. "Usikiguse."

Ningemsikia, leo nisingekuwa na la kuandika.

Ilikuwa Januari mwaka tisini na nane, mwaka wa elinino. Bado tulikuwa Mkoa wa Arusha, Manyara ilikuja baadaye. Kijiji sitakitaja kwa sababu watu wake wapo hai na watoto wao wanajua kusoma. Kiko chini ya mlima Hanang, upande wa kwenda Balangdalalu. Mimi nilikuwa mlinzi wa chanzo cha maji, kule juu mlima unapoanza kuwa msitu. Kazi yangu ilikuwa kufukuza ng'ombe na wakata miti, na kuzibua bomba likiziba majani. Kabla ya hapo nilikuwa nimetembea sana. Nilivuna ngano Basotu mpaka walipopunguza watu, nikachimba Mererani, nikauza chumvi Singida. Shule nilisoma vipande vipande: miaka miwili Tumati kwa wajomba zangu, kisha kisomo cha watu wazima, jioni, kwenye kambi ya ngano. Kusoma najua. Kukaa mahali pamoja ndiko sikujua.

Korongo lilikuwa linashuka kutoka mlimani, linapita karibu na kibanda changu, linakwenda chini hadi shuleni, mwendo wa nusu saa. Shule ilikuwa upande huu wa korongo, na nusu ya watoto walikuwa wanatoka ng'ambo. Kila siku walivuka kwenye mawe, viatu mkononi.

Mwalimu Genoveva alikuwa binti wa Mbulu, ametoka chuo juzi tu, na somo lake lilikuwa Jiografia. Siku ya kuleta chupa alipandisha darasa zima, akawakalisha kwenye majani yenye umande. Akawauliza tofauti ya hali ya hewa na tabia ya nchi. Wote wakatazama chini.

"Haya. Nani kwao wana ng'ombe?"

Mikono yote juu.

"Ng'ombe wako leo amekataa kukamuliwa. Hiyo ni hali ya hewa. Kesho atakubali. Lakini ukijua mama yake alikuwaje, na bibi yake, kwamba ukoo ule wote hutoa maziwa kidogo na hupiga mateke, hiyo ndiyo tabia ya nchi. Hujui kwa siku moja. Unajua kwa miaka thelathini ya kuandika."

"Mwalimu," akasema kijana mmoja, Yonas, "basi ng'ombe wetu ana elinino. Jana amempiga baba teke mpaka kwenye ndoo."

Wakacheka mpaka ndege wakaruka. Na mimi nilicheka. Niliwapenda watoto wale, nataka mjue hilo.

Aliyechaguliwa kusoma chupa alikuwa Restituta. Alikuwa anakaa na bibi yake juu zaidi yangu, kwa hiyo kila asubuhi alipita kwangu akishuka shuleni. Msichana mwembamba wa miaka kumi na mbili, na sweta la njano alilofumiwa na bibi, lenye mikono iliyokwisha kuwa mifupi. Saa moja kamili alikuwa amefika.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Umeamkaje?"

"Salama." Kisha anapiga magoti mbele ya kisiki, anasogeza jicho mpaka liwe sawa na maji, anasoma, anaandika kwenye daftari, anamwaga maji, anarudisha chupa. Hakuwa na mchezo. Padri akishika kikombe hawi makini kama yeye na ile chupa.

Siku kumi za kwanza sikugusa chochote. Mara mbili mvua ya usiku ilipita milimita arobaini, na siku hizo zote mbili korongo lilifurika mchana. Mwalimu Genoveva akapanda mwenyewe na kichupa cha rangi ya kucha, akachora mstari mwekundu kwenye arobaini. Akamwambia Restituta, "Maji yakipita hapa, ukifika shuleni niambie mimi kwanza, kabla ya kengele." Mimi nilikuwa pembeni nakoka moto. Sikuuliza ni wa nini. Nilidhani ni mapambo ya shule, maana shule hupenda kupiga mistari myekundu.

Halafu mvua ikakata.

Siku ya kwanza ya jua watu walifurahi, wakaanika mahindi. Siku ya tatu nikaanza kuangalia juu. Siku ya tano anga lilikuwa jeupe kama sufuria iliyosuguliwa, na mimi nikaanza kuogopa. Msinicheke. Mwaka uliotangulia ulikuwa wa ukame. Nilikuwa nimeona ng'ombe wanakufa wamesimama, wameegemea boma. Nilikuwa nimeona mama anachemsha mizizi na kuwaambia watoto ni viazi.

Wanawake waliokuja kuchota maji wakaanza kusema. Mama Fransiska, anayekaa chini kidogo ya kibanda changu, aliitazama chupa akatema mate pembeni.

"Mzee, hicho ndicho wanachohesabia mvua?"

"Ndicho."

"Na wewe Mbarabaigi mzima umekaa nacho mlangoni."

Alijitwisha ndoo akaondoka. Hakuhitaji kuongeza neno.

Kwetu Wabarabaigi, kwa baba yangu, ng'ombe hawahesabiwi. Mtu akikuuliza una ng'ombe wangapi, unamwambia wapo kidogo, au unamwuliza habari za watoto wake. Ukiwataja kwa namba umewaweka wazi, na kitu kikiwekwa wazi kinachukuliwa. Jioni baba alikuwa anasimama kwenye lango la boma wakiingia, anawatazama tu, rangi na pembe na mwendo. Akikosekana mmoja, anaiona nafasi yake. Hakuwahi kukosea. Siku moja kaka yangu, aliyekuwa ametoka shule, aliwahesabu kwa sauti mpaka mwisho, kwa maringo. Mwezi ule ule ugonjwa uliingia bomani.

Sasa mimi, mtoto wa mtu yule, nilikuwa nimekaa na chupa inayohesabu mvua, tena kwa milimita, tena kwenye daftari. Na mvua imekata. Niambieni ningefikiri nini.

Asubuhi ya siku ya sita niliamka kabla ya Restituta. Palikuwa na umande kidogo tu ndani ya chupa. Nikaumwaga chini, nikasema kwa lugha ya baba, "Hii hawakuihesabu." Basi, ni hivyo tu.

Jioni ile ile mawingu yakaja kutoka upande wa Basotu, meusi, na mvua ikapiga mpaka bati likawa kama ngoma.

Tangu siku hiyo kila alfajiri nilimwaga nusu. Si yote, maana mtoto angekuta chupa kavu na majani yanadondosha maji. Nusu tu. Nusu nilirudisha ardhini bila namba, na nusu ya pili niliwaachia shule waandike wanavyotaka. Nililiona ni jambo la haki kwa pande zote. Mvua ilinyesha kila siku. Nilitembea kifua mbele, nikiwatazama wanawake wa ndoo kama mtu aliyewaokoa.

Ishara zilikuwepo. Siku moja Restituta alikaa kidogo baada ya kuandika, anakuna kichwa kwa kalamu.

"Babu, jana tuliandika kumi na nane, lakini korongo lilifika magotini. Mwalimu naye anashangaa. Anasema labda imenyesha upande mwingine wa mlima."

"Mlima ni mkubwa," nikasema.

"Ndiyo, babu."

Akaondoka. Na mimi nikaenda kuzibua bomba.

Ijumaa ninayotaka kuisema ilianzia kwenye mvua ya usiku kucha. Haikuwa na radi wala upepo. Ilimwagika tu, sawasawa, kama mtu asiye na haraka. Nilipotoka alfajiri chupa ilikuwa imekaribia tisini. Nilikuwa sijawahi kuona namba ile. Niliona ni kitu kikubwa mno kuandikwa na mtoto, nikamwaga zaidi ya nusu. Nikaacha kama thelathini na tano.

Restituta alifika amejifunika gunia kichwani. Akapiga magoti, akasoma, uso ukafunguka.

"Chini ya mstari! Afadhali, babu. Niliogopa sana njiani."

"Uliogopa nini?"

"Huu mstari, babu. Maji yakiupita, wenzetu wa ng'ambo hawavuki, wanalala upande huu. Na jana Mwalimu alisema leo maji yakiwa chini ya mstari darasa zima tutaingia korongoni saa saba, tupime kina. Tumechonga na fimbo." Akafunga daftari, akaliingiza ndani ya sweta. "Haya babu, baadaye."

Nilisimama pale na kijiti cha moto mkononi.

Ilikuwa rahisi. Ningesema: rudi, mwanangu, nimemwaga, namba ni tisini. Maneno hayo yalikuwa mdomoni. Lakini niliona macho yake yatakavyokuwa. Niliona Mwalimu mkuu Onesphory akiniita mbele ya kijiji, mzee wa mvi, mwongo wa watoto. Niliona nikifunga tena furushi langu katika mvua. Na kulikuwa na hofu nyingine chini ya hiyo: kulitaja lile tisini kwa sauti. Sweta la njano likaingia kwenye ukungu, likawa doa, likapotea.

Nikajiambia, saa saba bado. Nikajiambia, usiku umepita na korongo halijafurika kupita kawaida. Hata jua lilichungulia kama saa nne, nikajiambia, unaona? Mtu anayejidanganya hupata msaada kila upande. Lakini uji niliuacha ukapoa. Kila mara nilikwenda ukingoni kutazama maji. Yalikuwa mekundu, yanakimbia, yanasukuma mawe madogo, na nilisikia yale mawe yakigongana chini kama meno.

Kuelekea saa saba wingu lilikalia mlima likaufuta. Huko juu ilikuwa inanyesha, nilisikia mngurumo wake msituni, ingawa kwangu yalikuwa matone tu. Nikaingia kibandani kuchukua koti.

Nilipotoka, kulikuwa na kitu kimekosekana. Nilisimama mlangoni bila kujua ni nini. Ndege walikuwepo. Matone yalikuwepo kwenye bati. Kisha nikajua. Korongo lilikuwa limenyamaza.

Nikaenda ukingoni. Maji yalikuwa yanapungua mbele ya macho yangu. Mawe ambayo asubuhi hayakuonekana yalikuwa yametoa migongo, yanang'aa. Mvua inanyesha mlimani, na korongo linakauka.

Nilikuwa nimeshawahi kuona jambo hilo mara moja tu, Mererani, kwenye kijito chini ya machimbo. Wenzangu wawili walishuka kuosha mchanga kwa furaha kwa sababu maji yamekuwa kidogo. Maji hayakuwa kidogo. Ubavu wa kilima ulikuwa umeanguka huko juu, umeziba njia, na maji yalikuwa yanasubiri nyuma yake, yanajaa. Tulimpata mmoja siku ya tatu. Wa pili hatukumpata.

Nilikimbia.

Nilikuwa na miaka sitini na kitu na goti moja bovu. Njia ilikuwa utelezi mtupu. Nilianguka mara ya kwanza penye mgomba wa Mama Fransiska, nikaacha koti hapo. Nilianguka tena, nikaacha kandambili moja, nikaitupa na ya pili. Kila nilipoinuka nilisikiliza nyuma. Kimya. Kimya kile kilikuwa kinanisukuma mgongoni kuliko kelele yoyote. Kila hatua nilikuwa nadhani hii ndiyo ya mwisho kabla hakijapasuka. Na mdomo wangu ulikuwa unasema peke yake, tisini, tisini, tisini, wala sikuutuma.

Niliwasikia kabla sijawaona. Walikuwa wanaimba jedwali la tatu. Darasa zima lilikuwa ndani ya korongo.

Ukungu ulikuwa mwepesi huko chini. Niliwaona wamesambaa kwenye mawe na mchanga, sketi na kaptura zimekunjwa, wengine wanarushiana matope. Yonas alikuwa ameshika fimbo yenye alama katikati ya mkondo, na mkondo wenyewe haukumfika hata vifundo. Mwalimu Genoveva alikuwa amesimama juu ya jiwe bapa, viatu mkononi. Pembeni yake Restituta ameweka daftari juu ya jiwe anaandika.

"Tokeni!" nikapiga kelele. "Tokeni humo! Rudini juu!"

Waligeuka. Wakamwona mzee hana koti, hana viatu, matope mpaka kwenye nyusi. Wakaanza kucheka.

"Babu, shikamoo!" Yonas akasema. "Umegombana na ng'ombe?"

"Mwalimu, watoe! Maji yanakuja!"

"Babu, tulia," alisema Mwalimu Genoveva, kwa heshima, kama unavyomtuliza mlevi. "Maji yanapungua. Njoo uone mwenyewe, tangu tumeingia yamepungua vidole vinne. Na kwako juu asubuhi ilikuwa thelathini na tano tu. Tumeandika."

Hapo ndipo niliona kwamba kupiga kelele hakutanisaidia. Alikuwa na daftari. Mimi nilikuwa na mdomo. Kitu pekee cha kuwatoa mle ndani kilikuwa ni kulivunja lile daftari mbele ya wote, na wa kulivunja nilikuwa mimi.

"Haikuwa thelathini na tano!" nikasema. "Ilikuwa tisini! Nilimwaga! Kila siku nimekuwa namwaga nusu, asubuhi, kabla mtoto hajafika. Namba zenu zote ni za uongo! Nimemwaga!"

Kicheko kilikatika. Sikumtazama Restituta. Nilimtazama Mwalimu, na niliona rangi ikimtoka usoni. Akayatazama maji miguuni pake, yaliyopungua vidole vinne, na akayaelewa.

"Juu," akasema. Akasema tena, na safari hii sauti ilitoka kama mchapo wa kiboko. "Juu wote! Acheni kila kitu! Upande wa shule, juu!"

Walipanda kwa mikono na magoti, wakivutana kwa sweta. Mimi nilishika wale wafupi na kuwarusha kama magunia. Fimbo ikaanguka. Mtoto mmoja akawa analia kiatu chake, Mwalimu akamsukuma kwa nyuma. Kisha tulikuwa wote juu ya ukingo, tunahema, na kutoka mlimani ikaja sauti moja, nzito, fupi, kama mlango mkubwa umefungwa.

"Simameni nihesabu!" Mwalimu alikuwa anawagusa vichwa. "Moja, mbili, tatu..." Akafika mwisho, akafumba macho. "Arobaini na mmoja. Wametimia. Asante Mungu, wametimia."

Mimi nilikuwa sihesabu. Nilikuwa nawatazama tu, jinsi baba alivyokuwa anatazama langoni. Na niliona nafasi. Mahali fulani katikati ya lile kundi palitakiwa kuwa na rangi ya njano, na haikuwepo.

"Hawajatimia," nikasema.

"Wametimia, babu, nimehesabu!"

"Restituta yuko wapi?"

Wakageuka huku na huku. Nyuma ya Violeth, binti mmoja wa ng'ambo, alisimama mdogo wake wa darasa la pili aliyekuwa akimsubiri dada yake ili wavuke pamoja. Yeye ndiye aliyekuwa wa arobaini na mmoja.

Nilikwenda ukingoni. Restituta alikuwa chini, katikati ya korongo, anarudi kwenye jiwe bapa. Alikuwa amepanda na wenzake kisha akashuka tena. Alikuwa anafuata daftari.

Sijui nilishukaje. Nakumbuka mchanga ukiwa baridi, na kwamba ulikuwa unatetemeka chini ya nyayo zangu kama ngozi ya ng'ombe aliyetuliwa na inzi. Nakumbuka upepo ulitangulia, una harufu ya udongo mbichi na mizizi. Alikuwa ameinama, mkono uko juu ya daftari. Nilimshika kiunoni.

"Niache! Daftari langu!"

"Liache!"

Aliniuma mkono. Sikumwachia. Nilipanda naye nikiwa sioni, goti likikataa, na niliona mikono ikishuka kutoka juu, ya Mwalimu na ya Yonas, ikamshika sweta, ikamvuta. Mimi nilikuwa nimeshika mzizi.

Halafu ikafika. Msifikiri ilikuwa maji. Ilikuwa ukuta wa matope unaotembea, una magogo ndani na mawe makubwa kuliko kibanda changu, na ulikuwa unayabiringisha kama mahindi kwenye ungo. Ulipita chini ya miguu yangu. Tope likanichukua mpaka kiunoni, likanivuta, na mzizi ukashika. Sauti siwezi kuiandika. Watoto walikuwa wanalia na hawakusikika, niliona midomo tu iko wazi. Jiwe bapa lilikuwepo, na lilipofunikwa halikuonekana tena, mpaka leo halipo.

Waliponitoa nilikuwa sina hata suruali. Watoto hawakucheka. Mwalimu alinifunga kitenge chake bila kunitazama.

Tulikaa kwenye majani. Mwalimu Genoveva alikuwa na kidonda mguuni, hajakiona.

"Siku ngapi, babu?" akauliza.

"Tangu mvua irudi."

"Kwa nini?"

Nikamweleza. Nilieleza vibaya, kwa meno yanayogongana, habari za ng'ombe wa baba, na kaka yangu, na mwaka wa ukame. Alisikiliza. Yeye ni wa Mbulu, hakuwa mgeni wa mambo hayo. Hakusema nimefanya vizuri wala vibaya. Alisema tu, polepole, "Niliona maji yanapungua nikafurahi. Nilifurahi, babu. Nikawaambia waandike." Akaanza kulia, na watoto wakaona mwalimu wao analia.

Restituta alikuwa amekaa peke yake, amewapa wote mgongo.

"Zote?" akauliza bila kugeuka.

"Siku kumi za kwanza ni za kweli."

"Nilikuwa naamka saa kumi na moja," akasema. "Kila siku. Ili nisome sawasawa."

Usiku ule sikulala. Nilijua Jumatatu nitaitwa kwa mwenyekiti wa kijiji, na nilijua nitakayoambiwa. Zamani ningefunga furushi na kukutwa Singida. Nililitazama lile furushi mpaka kukapambazuka. Mvua ilikuwa inanyesha. Korongo lilikuwa linanguruma, na ule mngurumo ulikuwa faraja kwangu. Kila uliposhuka kidogo nilikaa kitako nikasikiliza.

Kulipopambazuka nilifungua mlango. Ilikuwa Jumamosi, hakuna shule. Restituta alikuwa ameketi kwenye majani karibu na kisiki, amejifunika gunia, miguu imekikumbatia pande zote mbili. Gunia lilikuwa limelowa chapachapa. Hakuwa amefika muda ule. Alikuwa hapo tangu gizani, analinda chupa.

Mlinzi wa chanzo nilikuwa mimi, na mimi ndiye niliyekuwa nalindwa nisiiguse chupa.

Nilisubiri shikamoo. Haikuja. Nilipopiga hatua moja aliinua mkono.

"Babu, kaa pale pale."

Nikakaa pale pale, mvuani.

Alisogeza jicho sawa na maji, kama kawaida yake. Kisha akarudi nyuma. Kwenye goti alikuwa na daftari jipya, ukurasa wa kwanza, hauna kitu.

"Leo usome wewe," akasema. "Kwa sauti. Nisikie."

Nilipiga magoti. Goti bovu lililia. Maji yalikuwa safi kabisa, yametulia, yamepita mstari mwekundu. Sijawahi kuhesabu ng'ombe kwa sauti maisha yangu yote. Nilikuwa naogopa kuliko nilivyoogopa mbele ya lile tope, kwa sababu lile halikunipa nafasi ya kufikiri. Nilitazama juu. Wingu lilikuwa pale pale.

"Hamsini na nne," nikasema.

Akaangalia kwenye chupa, akaniangalia, akaandika. Alimwaga maji yote, akakung'uta chupa, akairudisha kati ya mawe matatu. Hakuaga. Alishuka mbio kuwaambia watu wa ng'ambo wasivuke.

Mimi nilibaki nimepiga magoti, kichwa nimeinamisha, nasubiri anga linijibu kwa namba niliyoitaja. Lilinijibu kwa mvua, ile ile ya jana, wala haikupungua.